Mnyonge Mnyongeni, Mwizi wa Baghdad Mpeni Haki Yake

Kuna hukumu inayotolewa kirahisi mno siku hizi. Taja filamu ya watoto iliyotengenezwa Uingereza zama za ukoloni, hasa inayohusu Waarabu, Wahindi au Waafrika, na mzazi aliyesoma atakuambia haina nafasi sebuleni kwake. Atasema imejaa dharau. Na ikiwa haina dharau basi imechakaa: majini ya kuchekesha, farasi wa kubandika, Wazungu waliopakwa rangi ya kahawia wakijifanya masultani. Mtoto akitaka zulia linalopaa na jini la chupani, si Disney wameshamtengenezea Aladdin, tena mara mbili, mwaka 1992 na mwaka 2019?

The Thief of Bagdad, filamu ya Alexander Korda iliyotoka Desemba 1940, inahukumiwa kwa maneno hayo hayo, mara nyingi na watu ambao hawajaitazama hata robo. Mimi nasema hukumu hiyo ni batili. Filamu hii inafaa kutazamwa leo, na inafaa sana watoto wa huku kwetu, kwa sababu moja kubwa: inamkabidhi mtoto maskini kazi ya kuleta haki katika nchi, kisha inamwacha akatae cheo anachopewa kama malipo. Filamu za watoto zenye ujasiri huo ni chache, za zamani na za sasa.

Kwa asiyekijua kisa, ni hiki. Ahmad ni mfalme kijana wa Baghdad, ana kila kitu isipokuwa habari za nchi yake. Anayetawala hasa ni waziri wake, Jaffar, anayewakata watu vichwa kwa jina la mfalme. Jaffar anamshawishi Ahmad avae nguo za kimaskini ajichanganye na raia, na akishatoka tu ikuluni anakamatwa kama mwendawazimu anayejiita mfalme na kutupwa gerezani. Humo anamkuta Abu, mtoto wa mitaani aliyefungwa kwa wizi, naye anasubiri kuuawa asubuhi. Lakini Abu ameshaiba ufunguo. Wanatorokea Basra kwa mashua. Ahmad anampenda binti wa Sultani, Jaffar naye anamtaka binti huyo huyo, na kwa uchawi wake anampofusha Ahmad na kumgeuza Abu kuwa mbwa. Kuanzia hapo ni bahari, dhoruba, jini, hekalu lenye buibui mkubwa na zulia linalopaa. Yote hayo kwa dakika 106.

Nianze na hoja nyepesi, ile ya uzee. Wanasema mbinu zake za picha zimepitwa na wakati, na mtoto aliyezoea michezo ya kompyuta atacheka. Ni kweli kwamba ukikazia macho utaona kingo za watu zikicheza pale walipounganishwa na mandhari nyingine. Lakini filamu hii ilitwaa tuzo tatu za Oscar: ya upigaji picha wa rangi, aliyoipata Georges Périnal; ya usanifu wa mandhari, aliyoipata Vincent Korda, ndugu yake Alexander; na ya mbinu maalumu za picha na sauti. Lawrence Butler, aliyesimamia mbinu za picha, alimpiga picha mwigizaji mbele ya pazia la buluu, kisha buluu ile ikaondolewa na mandhari nyingine ikawekwa mahali pake. Leo hata mtangazaji wa hali ya hewa anayesimama mbele ya ramani kwenye televisheni anatumia mjukuu wa mbinu ile. Anayeidharau anamdharau babu aliyemzaa.

Na mbinu hizo zilikuwa na kazi ya kufanya ndani ya hadithi. Tazama pale Abu, peke yake ufukweni baada ya dhoruba, anapookota chupa na kuizibua. Moshi mweusi unafoka, unapanda mpaka mawinguni, na ndani yake linatokea jini linalocheka kicheko kinachotikisa ufukwe mzima. Linainua mguu limkanyage. Unyayo ule ulitengenezwa kweli kweli, mkubwa kupita kiasi, na chini yake amesimama mtoto aliyevaa kitambaa kiunoni, mdogo kama mdudu. Huhitaji kumweleza mtoto yeyote maana ya picha hiyo. Anaijua. Ni picha ya kila mdogo aliyewahi kusimama mbele ya mwenye nguvu asiye na huruma. Na anajua pia kwamba Abu hana silaha isipokuwa ulimi. Siamini, anamwambia jini, kwamba mkubwa kama wewe uliweza kuenea ndani ya chupa hii, hebu nionyeshe. Jini linaingia, Abu anapiga kizibo. Yeyote aliyelelewa na hadithi za Sungura na Fisi anaijua akili hiyo. Mtoto wa Tandika au wa Likoni hatauliza picha ilipigwaje. Atashangilia.

Sasa niingie kwenye hoja nzito, ile ya ukoloni, kwa sababu hapa ndipo wapinzani wanapojiona wana ukweli wote mkononi. Wanasema: huyu Korda si ndiye aliyetengeneza Sanders of the River? Ndiye. Filamu hiyo ilitoka mwaka 1935, na ni filamu mbaya kimaadili. Inasimulia kisa cha bwana shauri Mwingereza huko Nigeria anayewatuliza Waafrika kama watoto watukutu. Akiondoka nchi inawaka moto, akirudi inatulia. Paul Robeson, aliyecheza kama chifu mtiifu, baadaye aliikana hadharani. Miongoni mwa Waafrika walioajiriwa kujaza mandhari alikuwamo Jomo Kenyatta, aliyekuwa akiishi London wakati huo. Si jambo dogo kwamba mtu aliyekuja kuwa Rais wa kwanza wa Kenya aliwahi kulipwa kusimama mbele ya kamera iliyosifu utawala wa bwana shauri. Wanaongeza The Drum ya mwaka 1938, ya Korda pia, ambamo mtoto wa mfalme wa Kihindi anawasaliti watu wake ili kuwaokoa Waingereza, filamu iliyosababisha maandamano Bombay na Madras. Na aliyecheza mtoto huyo ni Sabu, yule yule anayecheza Abu.

Yote hayo nayakubali. Ninachokataa ni hatua inayofuata, ya kusema kwamba samaki mmoja akioza wote wameoza. Ziweke filamu hizi tatu pamoja uzitazame vizuri. Katika Sanders of the River, haki inatoka kwa Mwingereza. Katika The Drum, uhodari wa mtoto wa Kihindi unapimwa kwa utiifu wake kwa Mwingereza. Katika The Thief of Bagdad hakuna Mwingereza. Hakuna bwana shauri, hakuna kikosi kinachokuja kuokoa jahazi, hakuna bendera ya kusalimiwa. Kuna mji unaotawaliwa kwa hofu, kuna mzee sokoni anayewatabiria watu kwamba mkombozi wao atakuwa mtoto, mnyonge kuliko wanyonge wote, atakayetokea angani na kumwangusha dhalimu kwa mshale wa haki. Na utabiri huo unatimizwa na mtoto wa mitaani mwenye ngozi nyeusi. Jambo hilo lilitoka katika studio ya Denham, nje kidogo ya London, wakati ambapo Uingereza ilikuwa bado inaitawala India, Kenya, Tanganyika na Zanzibar. Mkosoaji asiyeona tofauti hiyo ametazama jina la mtengenezaji akasahau kuitazama filamu.

Angalia pia walioitengeneza. Alexander, Zoltan na Vincent Korda walikuwa Wayahudi kutoka Hungary. Ludwig Berger, mmoja wa waongozaji watatu waliotajwa kwenye filamu, alikuwa Myahudi wa Ujerumani. Conrad Veidt, aliyemcheza Jaffar, aliondoka Ujerumani mwaka 1933 kwa sababu hakukubali kuishi chini ya Hitler na mke wake ni Myahudi. Rex Ingram, aliyelicheza jini, alikuwa Mmarekani mweusi. Vita vilipoanza Septemba 1939 kazi ilikuwa haijakwisha, ikabidi sehemu iliyobaki ikamilishwe Marekani, na milima ambayo jini linaruka juu yake ni ya Grand Canyon. Filamu hii ni ya Uingereza kwa karatasi za usajili. Lakini wengi walioifanyia kazi walijua dhalimu ni mtu wa namna gani, kwa kuwa walikuwa wamemkimbia. Ndiyo maana Jaffar anatisha. Hana upanga, hapigi kelele. Anakukodolea macho mpaka akili yako inakuwa yake. Mwaka 1940 hilo halikuwa mchezo wa watoto peke yao.

Kuna wanaosema: basi tazameni mnavyomwona mtu mweusi, ni mtumwa wa chupa. Hapana. Mtazameni Ingram vizuri. Jini lake lilifungwa na Nabii Suleiman, si na mwanadamu wa kawaida, na linajua thamani yake. Linampa Abu haki yake ya maombi matatu kwa sababu ndiyo bei waliyoafikiana, na linamhudumia huku likimcheka. Linamwambia kwamba binadamu ni dhaifu: tumbo likisema wanasahau akili, akili ikisema wanasahau moyo, na moyo ukisema wanasahau kila kitu. Abu analithibitisha hilo. Ombi lake la kwanza, kati ya yote ambayo angeweza kuomba duniani, ni soseji za kukaanga, na zinamjia zikichemka kwenye kikaango. Mtoto mwenye njaa anaomba chakula. Maombi yakiisha, jini halibembelezi libakizwe wala halilii likimuaga bwana wake. Linapaa likicheka, huru. Mwaka 1940 Hollywood ilikuwa ikiwapa waigizaji weusi kazi za kufungua milango na kubeba sinia. Ingram alipewa anga nzima, naye akaijaza.

Nitakubali kosa ambalo ni kosa kweli. Ahmad ni John Justin, binti wa Sultani ni June Duprez, Wazungu wote wawili, na Justin amepakwa rangi. Ni ubaguzi, na mtoto akiuliza ajibiwe hivyo bila kuzungushwa. Lakini tazama filamu ilivyowapanga. Wapenzi hao wazuri wa sura ndio walegevu kuliko wote: Ahmad anadanganywa, anafungwa, anapofushwa, anafungwa tena. Kila mara anayemtoa ni Abu. Na Abu ni Sabu, aliyezaliwa Mysore mwaka 1924, mtoto wa mtunza tembo wa mfalme wa huko, yatima aliyeonekana na wapiga picha wa mwongozaji filamu Robert Flaherty akiwa bado mdogo sana. Jina lake liliwekwa mbele ya la Justin. Mhindi halisi, mtoto, ndiye aliyebeba filamu mabegani, na Mzungu aliyepakwa rangi akabebwa.

Kosa la pili ni Basra yenyewe. Ile ya kwenye filamu ni mchanganyiko wa Uajemi, India na ndoto za fundi wa mandhari, na haikuwahi kuwepo popote. Sisi wa mwambao tunaijua Basra nyingine, ya tende zilizoshuka na kaskazi na ya majahazi yaliyorudi na boriti za Lamu na Rufiji. Katika miaka hiyo hiyo ya mwisho wa thelathini, baharia Mwaustralia Alan Villiers alikuwa ndani ya jahazi la Kuwait lililoitwa Bayan, akija nalo Mombasa na Zanzibar hadi kwenye mikoko ya Rufiji, na kitabu chake kuhusu safari hiyo kilitoka mwaka 1940, mwaka mmoja na filamu. Mzazi akitaka kusahihisha ndoto za Denham, ana historia ya nyumbani ya kusahihishia. Hata hivyo kuna mahali ndoto ile imepatia. Filamu inafunguka kwa jahazi kubwa linaloingia bandarini likiwa na jicho lililochorwa kwenye omo. Mtoto wa Lamu atalitambua kabla ya mwalimu wake, kwa kuwa majahazi ya kwao nayo huwekewa jicho.

Wapo pia wanaoipinga kwa sababu nyingine kabisa: wanasema inafundisha wizi, na mbaya zaidi inafundisha utoro. Abu anaiba chakula sokoni, anaiba ufunguo, anaiba jicho la kito kutoka kwenye hekalu, na mwishoni, Ahmad akirudi kwenye kiti na kutangaza kwamba atampeleka Abu shule ili siku moja awe waziri wake, Abu anaruka juu ya zulia na kutoweka. Hoja hii inanishangaza, maana inasoma filamu kinyume. Swali linaloulizwa na hadithi nzima ni: mwizi wa Baghdad ni nani? Abu ameiba chakula kwa sababu ana njaa, na hukumu yake ni kifo. Jaffar ameiba nchi, na hukumu zote anazitoa yeye. Wasomaji wa magazeti yetu hawahitaji kufafanuliwa jambo hilo. Tumelalamika miaka mingi kwamba mwizi wa kuku anafungwa na mla fedha za umma anaitwa mheshimiwa. Hapa kuna filamu inayomweleza mtoto wa miaka minane jambo hilo hilo bila hotuba, nasi tunaikataa kwa sababu mtoto ameonyeshwa akiiba samaki?

Na kuhusu cheo, mtazame Sultani wa Basra, mzee mpole anayecheza na midoli ya mitambo siku nzima. Jaffar anamletea farasi wa mtambo anayeruka, na kwa farasi huyo Sultani anamtoa binti yake. Binti anapotoroka, Jaffar anarudi na mdoli mwingine, mwanamke wa fedha mwenye mikono mingi. Sultani anamkumbatia kwa furaha, na mkono mmoja una kisu. Mtawala aliyependa vitu kuliko watu anauawa na kitu. Ukishaona hayo, unaelewa kwa nini Abu anakimbia uwaziri. Ameona uwaziri unavyofanya watu. Sisemi mtoto asiende shule. Nasema ni jambo jema mtoto kuona, walau mara moja, mtu akitenda haki bila kudai kiti.

Hapo ndipo hoja ya Aladdin inapoanguka. Katika filamu ya Marekani ya mwaka 1924, aliyocheza Douglas Fairbanks, mwizi mwenyewe ndiye anayempenda na kumwoa binti wa mfalme. Korda na waandishi wake waliigawa nafsi hiyo mara mbili: mapenzi wakampa mfalme, ushujaa wakampa mtoto wa mitaani. Disney walichota mengi kwa Korda, jina la Jaffar, Sultani mpenda midoli, mtafaruku wa ikulu, lakini mgawo huo waliufuta. Kijana maskini na mchumba wakawa mtu mmoja tena, naye anajifanya mwana wa mfalme ili akubalike. Ni kweli anafundishwa asiseme uongo, lakini zawadi yake bado ni binti na ikulu. Na Abu je? Jina lake lilibaki. Kima ndiye aliyepewa. Mtoto aliyekuwa kiini cha hadithi amegeuzwa mnyama wa kubebwa begani anayeiba matunda. Kisha tunaambiwa kwamba hiyo ndiyo filamu iliyoendelea, na ile ya mwaka 1940 ndiyo ya kuonewa haya.

Wazazi Waislamu wa pwani wana wasiwasi wao, na ni wa haki: kuna uchawi, kuna majini, kuna sanamu hekaluni. Lakini mchawi ndiye anayeshindwa, sanamu inaibiwa kito chake, na jini ni la Nabii Suleiman, la ukoo ule ule ambao bibi zetu walitusimulia walipotueleza visa vya Alfu Lela Ulela. Anayemruhusu mtoto kusikia visa hivyo hana sababu ya kumzuia asivione. Buibui atamtisha aliye chini ya miaka saba, kwa hiyo asubiri.

Basi itafuteni mtazame na watoto wenu, mkae nao mpaka mwisho. Simamisheni filamu pale panapohitaji maelezo, mwambieni mtoto kwamba yule ni Mzungu aliyepakwa rangi na kwamba lilikuwa kosa. Waambieni habari za Kenyatta na Sanders of the River. Kisha waulizeni nani alistahili kiti cha Baghdad, na kwa nini Abu hakukitaka. Mtoto anayeweza kulijibu swali hilo ameshaanza kufikiri kuhusu utawala, na hakuna mkoloni aliyewahi kutaka tufikiri juu ya hilo. Tukimfungia Abu mlango kwa makosa ya filamu nyingine, Abu watakayebaki naye watoto wetu ni yule kima tu, na somo watakalobaki nalo ni kwamba thawabu ya mnyonge mwema ni kuhamia ikulu.